Tairi lilipasukia kwenye lami, sasa kila mtu ananiambia ninunue ya tope

Mzee Fundi, salaam aleikum.

Mimi ni mama wa hapa Koboko, kazi yangu ni kufunga na kutengeneza pampu za maji zinazotumia umeme wa jua. Watu wamezoea kuniita Mama Pampu, nawe niite hivyo hivyo. Gari langu la kazi ni Toyota Hilux ya kabini mbili, ya dizeli, fowili (magurudumu yote manne yakivuta) ile ya kuingiza mwenyewe kwa mkono. Nyuma hukaa mabomba, betri, nyaya na pampu. Kabini tunakaa mimi na vijana wangu wawili.

Njia zangu ni mchanganyiko. Vijijini Koboko na Yumbe, hadi kwenye makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, napita changarawe, na mvua ikishanyesha changarawe inageuka tope. Kwenda Arua ni lami. Tena kila nikiishiwa vifaa nateremka Kampala kupitia Nebbi, Pakwach na Karuma, na huko kote ni lami. Nikikadiria, kilomita zangu nyingi ni za lami, ila taabu zangu zote hunipata nje ya lami. Ndivyo nilivyodhani mpaka juzi.

Juzi tulikwenda kubadilisha pampu kwenye kijiji kimoja. Kabla ya kufika kuna bonde lenye maji, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Shemeji yangu, aliyeendesha malori ya Juba miaka mingi na nyumbani neno lake halipingwi, alishanifundisha kwamba ukifika kwenye tope punguza upepo. Yeye hatumii geji, anaachia upepo huku akilitazama tairi kwa jicho mpaka ubavu ukae kitako. Nami nikafanya hivyo kwa matairi yote manne. Tukapita bila kukwama, vijana wakanipigia makofi.

Jioni tukapakia mabomba ya chuma tuliyoyang'oa kisimani, mazito kuliko yale ya plastiki tuliyokwenda nayo, tukashika lami kuelekea Arua. Huko ndiko kwa fundi ninayemwamini, na huwa ananijazia upepo yeye. Tulikuwa tumekaribia mjini, tairi la nyuma kushoto likapasuka kwa kishindo. Gari likayumba hadi upande wa pili wa barabara. Mungu alisaidia, hapakuwa na boda wala lori lililokuwa likija.

Kinachoniuma ni kwamba tairi hilo halijatimiza mwaka tangu nilinunue. Niliuziwa likiwa jipya, na karatasi yake ya rangi bado imegandia. Kashata zake, zile nundu za mpira zinazoshika barabara, hazijafika hata nusu ya kuisha. Fundi alipolivua kwenye ringi, ndani ukamwagika unga mweusi, na ubavu ulikuwa umesagika mduara mzima hadi nyuzi zikaonekana. Nimenakili maandishi yake: 265/65R17 112S. Mbali kidogo kuna DOT na herufi nyingi, na mwishoni kiduara chenye tarakimu 3814.

Sasa kila mtu ni mwalimu. Shemeji anasema ninunue matairi ya tope, yale ya kashata kubwa, niachane na michezo. Fundi wa Arua anasema niongeze saizi, niweke 285/70R17 gari linyanyuke, na ana rafiki yake Kampala mwenye manne yaliyotumika, kwa nusu ya bei. Kijana wangu mkubwa, anayesoma chuoni, anasema nirudishe matairi laini ya barabara kama gari lilivyokuja nayo, maana ni rahisi na hayapigi kelele. Pesa niliyonayo inanunua mawili mapya ya maana, au manne ya huyo rafiki wa fundi.

Nifuate neno la nani?

Mama Pampu, Koboko

*

Wa aleikum salaam, Mama Pampu, na pole sana. Tairi la nyuma kupasuka gari likiwa na mzigo wa chuma si jambo dogo, na kama uliweza kulirudisha gari upande wako bila kulipindua, basi vijana walipiga makofi mapema mno. Wangengoja hapo.

Kabla ya kwenda dukani tumalizane kwanza na tairi lililokufa. Shemeji, fundi na kijana wako wote wanakuandikia dawa, na hakuna aliyempima mgonjwa. Wewe ndiye uliyempima, kwa kuangalia ndani na kunakili maandishi, na majibu yote tunayohitaji yamo katika mistari yako michache.

Ule unga mweusi ni mpira wa ndani ya ubavu uliosagwa. Jiwe au kisiki kikikata ubavu huacha jeraha moja, mahali pamoja, na sehemu nyingine za tairi hubaki nzima. Ubavu uliosagika mduara mzima hadi nyuzi kuonekana una maana moja tu, kwamba tairi lilikimbia likiwa na upepo mdogo kuliko mzigo lililobeba. Kinachobeba gari ni upepo. Mpira kazi yake ni kuushika upepo usitoke. Upepo ukipungua, ubavu hukunjika kila unapofika chini na kunyooka ukipanda juu, na kwa saizi yako, ukiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gurudumu huzunguka kama mara tisa kila sekunde. Kukunjika huko ndiko kunakoleta joto, na joto ndilo linalotenganisha mpira na nyuzi. Tairi halitoi ishara yoyote ya maana kwa dereva, hasa la nyuma. Linavumilia, linavumilia, halafu kishindo.

Kwa hiyo lililoua tairi lako ni lami. Ulipunguza upepo kwa ajili ya bonde, ukapakia mzigo mzito zaidi ya ule wa asubuhi, ukaendesha kilomita nyingi za barabara nzuri kwa mwendo wa barabara nzuri. Shemeji yako simlaumu. Kupunguza upepo kwenye tope ni elimu sahihi, na ushahidi ni kwamba ulipita. Ila hiyo elimu ina nusu ya pili, kwamba upepo hurudishwa pale pale changarawe inapokutana na lami. Ukingoja ufike kwa fundi wako mjini umeshachelewa. Huenda kwenye malori ya Juba mambo yalikuwa na kompresa ya gari lenyewe na turnboy, yaani utingo, wa kushughulika nayo. Wewe huna, na ndiyo maana kitu cha kwanza nitakachokwambia ununue si tairi.

Tuje kwenye 3814. Hizo tarakimu nne ni tarehe ya kuzaliwa. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lako lilitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2014, yaani Septemba. Kwa hiyo uliponunua, lilikuwa limezeeka stoo kabla halijaonja barabara. Karatasi ya rangi inathibitisha tu kwamba halijawahi kufungwa kwenye gari, haisemi lina umri gani. Mpira hukauka hata ukiwa umekaa, na kwenye joto letu la West Nile hukauka haraka zaidi. Watengenezaji wengi wanataka tairi lichunguzwe kila mwaka likishapita miaka mitano, na liondolewe gari likifikisha kumi hata kama kashata bado ni ndefu. Upepo mdogo ungeweza kuliua hata tairi changa, sitakudanganya. Lakini changa lingeweza kukufikisha Arua likiwa limeumia badala ya kufia njiani.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, soma tarakimu hizo kwenye matairi matatu yaliyobaki na la akiba. Usipoziona upande wa nje, ziko upande wa ndani. Ingia chini na tochi. Kama uliyanunua kwa pamoja na yote ni ya 2014, basi hesabu ya pesa zako inabadilika, na nitaigusia.

Sasa aina ya tairi.

Kijana wako anataka HT, tairi la barabara kuu. Kwa ukimya na bei yuko sahihi, na kwenye changarawe kavu lingekutosha. Tatizo lake ni kashata zilizobanana. Tope likishaingia halitoki, na baada ya mizunguko michache gurudumu linakuwa duara la udongo laini, hata fowili yako haina cha kushikia. Pia mara nyingi ubavu wake ni mwembamba kwa kazi ya mabomba na visiki.

Shemeji anataka MT, la tope. Nimewahi kuliendesha miaka mingi na nalipenda mahali pake. Kashata zake ni kubwa na zimeachana, kwa hiyo likizunguka kwa kasi hulitema tope na kuuma upya. Lakini hizo nafasi zinazotema tope ndizo zinazokosekana kwenye lami. Mvua ikikukuta kati ya Pakwach na Karuma, mpira unaogusa barabara ni mchache, na breki zinachukua mwendo mrefu zaidi kulisimamisha gari. Na barabara ile unaijua, nyani wanakaa katikati wakingoja maembe ya abiria wa mabasi, na upande mmoja ni hifadhi ambako hata tembo huvuka. Hapo hutaki tairi linalofikiri kwanza. Ongeza kelele za kutwa nzima hadi Kampala, dizeli itakayoongezeka, na kashata zitakazoliwa upesi na lami. Utakuwa umenunua tairi kwa ajili ya bonde moja, unalilipia kila kilomita nyingine zote.

Ninalokushauri ni AT, la njia zote, lakini si AT lolote. Tafuta lenye herufi LT mbele ya saizi au maelezo ya kwamba ni la magari ya mizigo. Angalia tena maandishi ya tairi lako lililokufa: 112S. Hiyo 112 ni namba ya mzigo, maana yake kilo 1,120 kwa tairi moja, na hapo ni likiwa limejazwa upepo wake kamili. Ukiachia upepo mpaka ubavu ukae kitako, hizo kilo 1,120 hazipo tena. S ni mwendo, kilomita 180 kwa saa, na hilo halikuhusu. AT la LT la saizi yako hiyo hiyo, 265/65R17, kwa kawaida huandikwa 120/117, yaani kilo 1,400 tairi likiwa moja kila upande. Kilo za ziada si ruhusa ya kupakia zaidi, maana springi na ekseli ni zile zile. Faida yake ni tabaka za ziada chini ya kashata na ubavuni, zinazovumilia mawe yenye ncha na zinazokusamehe kidogo siku unayokosea. Majina usiyahangaikie sana. BFGoodrich, Yokohama, Bridgestone, General, Maxxis, wote wana AT ya kufaa, na lililo bora kwako ni lile ambalo duka lina mengine yanayofanana nalo, ili baada ya miezi kadhaa upate ya kulinganisha.

Lina masharti mawili. La kwanza, tairi la LT ni zito kidogo na gumu kidogo. Gari likiwa tupu utayasikia mashimo zaidi, uyazoee. La pili ndilo muhimu. LT huhitaji upepo zaidi ya lile laini ili kubeba mzigo ule ule. Kile kibao kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema upepo wa tairi ambalo gari lilitoka nalo kiwandani. Anzia hapo, halafu ongeza, na kuna njia ya kujua uongeze kiasi gani bila kumuuliza mtu. Asubuhi kabla jua halijalipiga tairi, pima. Tuseme umeweka pauni 36, kwa kipimo kile cha psi. Endesha lami kwa saa nzima na mzigo wako wa kawaida, kisha simama na upime papo hapo kabla halijapoa. Likiwa limepanda pauni 4 hadi 6, umepatia. Likipanda 8 au 10, tairi linapata joto kupita kiasi, ulianza na upepo mdogo, kesho uanze na zaidi. Lisipopanda hata 3, umelijaza mno kwa mzigo ule. Na tafadhali, usiliachie upepo likiwa la moto ili geji irudi 36. Watu wengi hufanya hivyo wakidhani wanaliokoa, kumbe wanarudia kisa chako.

Fundi wako wa Arua na 285/70R17. Tufanye hesabu badala ya kubishana. Tairi lako la 265/65R17 lina urefu wa kama milimita 776 kutoka chini hadi juu. La 285/70R17 lina 831. Tofauti ni milimita 55, na gari hunyanyuka nusu yake tu, milimita 27, maana nusu nyingine inakwenda juu kuelekea bodi. Huko juu ndiko litakakosugua madigadi ukikata usukani wote, au springi zikibonyea kwa mzigo. Saa ya mwendo itakudanganya kwa asilimia 7, ikisema 100 utakuwa unakwenda 107. Gia zote zitakuwa ndefu kidogo, klachi itaungua mapema kwenye vilima, na breki zitakuwa na gurudumu zito zaidi la kusimamisha. Yote hayo kwa upana wa kidole na zaidi kidogo. Tena kwenye tope ambalo chini yake kuna ardhi ngumu, kama mabonde mengi ya kwenu, tairi pana huelea juu ya uji wakati tairi la wastani linaukata na kufika kwenye ugumu. Kinachoongeza mguso wa tairi ni kupunguza upepo, maana alama yake chini hurefuka, na hilo unalipata bure. Baki kwenye saizi yako.

Na hayo manne ya rafiki yake? Bei ya nusu ni nzuri kwa muuzaji. Tairi lililotumika hujui lilikimbia na upepo gani, na wewe sasa unajua upepo mdogo unafanya nini ndani bila kuonekana nje. Kama ni lazima kabisa uyaone, yavuliwe ringi, uingize mkono ndani uupapase ubavu. Ukikutana na mikunjo, viraka ubavuni au unga, ondoka. Angalia pia kama kashata zimechongwa upya kwa kisu cha moto. Wapo wenye mkono mzuri wa kazi hiyo, unakuta tairi lina kashata ndefu lakini zile nundu ndogo za kuonyesha kwamba limeisha, zenye urefu wa milimita 1.6 ndani ya mifereji, hazipo. Aliyezikata alikuwa anafuta ushahidi.

Kwa hiyo nunua mawili mapya, uyafunge nyuma. Huko ndiko kuliko mzigo, na tena nyuma ikishika barabara, gari haliwezi kukuzunguka kwenye lami iliyolowa. Mbele weka yaliyo bora kati ya uliyobaki nayo. Watakaokwambia uyaweke mapya mbele kwa sababu ya usukani ni wengi, waache. Upepo wa mbele na nyuma utakuwa tofauti mpaka utakaponunua mengine mawili, andika namba zote kwenye kipande cha karatasi ukibandike karibu na usukani. Katika kipindi hicho fowili iingize kwenye tope na changarawe laini tu. Kwenye lami kavu fowili ya aina yako hulazimisha mbele na nyuma kuzunguka sawa, na matairi yasiyolingana urefu yataisaga difu na kisanduku cha fowili. Ila kama tochi itakuonyesha kwamba yote ni ya 2014, usinunue mawili ukatulia. Kampala acha kwanza, fanya kazi za karibu, kamilisha manne, halafu la akiba liwe la tano la aina hiyo hiyo. Ukiyazungusha yote matano kila kilomita 10,000 yataisha pamoja, na la akiba halitaozea chini ya bodi kwenye vumbi kama wengi wanavyoliacha.

Nilisema kitu cha kwanza kununua si tairi. Ni geji ya upepo na kompresa ya volti 12, ile inayobana moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Zile ndogo za kuchomeka kwenye tundu la sigareti zinachoka kabla hujamaliza tairi la pili. Ukiwa na hivyo viwili, utaratibu wako uwe huu. Ukiacha lami kuingia changarawe, shusha pauni kama 6 na mwendo usizidi 60. Ukifika bondeni, gari likiwa karibu tupu shuka hadi 20, ukiwa na mzigo usishuke chini ya 25 nyuma, na hapo ni mwendo wa mtu anayekimbia, si zaidi. Usukani ukate taratibu, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo linaweza kuchomoka kwenye ringi. Ukitoka topeni rudisha kiasi. Ukikanyaga lami, simama pembeni, mwambie kijana mmoja atoe kompresa, mwingine akague kama kuna mawe yamejibana kati ya kashata, maana jiwe likiachwa huchimba taratibu hadi kwenye nyuzi. Inachukua muda, najua, na jioni kila mtu anataka kufika.

Neno dogo kuhusu mafundi wa njiani. Pancha ya katikati ya kashata huzibika kwa kamba na ukaendelea na safari, baadaye ulivue upate kiraka cha ndani. Pancha ya ubavuni haizibiki. Fundi akikwambia ataingiza tyubu ndani ya tairi la tubelesi lililochanika ubavu, hiyo ni ya kukufikisha nyumbani kwa mwendo wa pole na gari tupu, basi.

Shemeji yako usimwoneshe sehemu niliyomsifu bila ile nyingine. Na haki yake nimpe. Kama kazi ingekupeleka kukaa Karamoja, pande za Kotido na Kaabong, ambako ule udongo mweusi ukilowa hunata kwenye gurudumu mpaka gari linabeba kijiji, ningekwambia nunua MT na uvumilie kelele. Vivyo hivyo kwa anayeishi miteremko ya Mlima Elgon juu ya Kapchorwa na anayeiona lami siku za soko tu. Kilomita zako, kwa maelezo yako mwenyewe, si hizo.

Kuhusu duka lililokuuzia. Rudi na tairi lenyewe na risiti. Kwa kupasuka hawawezi kukulipa, na ukidai hivyo watakuuliza habari za upepo. Madai yako yawe kwamba walikuuzia kwa bei ya tairi jipya kitu cha Septemba 2014. Onyesha kiduara, omba wakupunguzie kwenye haya mawili. Wakikubali, soma viduara vya hayo mawili hapo hapo dukani kabla hujatoa pesa, yasiwe na zaidi ya miaka miwili, na wiki zake zikaribiane. Wakisema namba ziko upande wa ndani hazisomeki, wayageuze.